Robert Brough na biashara ya kuchora wakubwa wa London

Hizi picha zinachanganya watu sana. Unakutana nayo mtandaoni, bibi mmoja wa Kiingereza kavaa gauni jeupe la satini, kaegemea kiti, shingo ndefu, lulu zinamshuka mpaka kiunoni, na pembeni imeandikwa Lady nani sijui, 1900 na ngapi. Jibu la haraka ambalo wengi wetu tunalo kichwani ni kwamba hao walikuwa malodi wenye mali za mababu wanajishaua, mchoraji analipwa, anaipendezesha sura, yameisha. Ila ukianza kuuliza maswali ya kawaida tu, yaani nani hasa alikuwa analipa, alilipa kiasi gani, kwanini zimejaa miaka ile na sio miaka hamsini kabla, kwanini rangi imepakwa kwa haraka vile utadhani mchoraji ana miadi sehemu nyingine, na kwanini kwenye orodha ya wachoraji wenyewe Waskoti hawana mwisho, basi mambo yanaanza kunoga.

Nitampitia mtu mmoja ambaye wengi hawamjui, Robert Brough. Jina kubwa la zama zile ni John Singer Sargent, Mmarekani aliyezaliwa Florence akaja kuhamia London mwaka 1886, na huyo kila mtu anamwandika. Brough nimemchagua kwasababu kazi yake London ilidumu kama miaka minane tu, 1897 mpaka 1905, na ndani ya miaka hiyo minane unaiona mashine nzima inavyozunguka, kuanzia anayetoa hela mpaka anayeshika brashi.

Kwanza tuweke sawa muda. Mfalme Edward VII alitawala 1901 hadi 1910, lakini watu wakisema zama za Edward kwenye uchoraji huwa wanavuta nyuma mpaka miaka ya 1890 na mbele mpaka vita ya 1914, na ni sawa kufanya hivyo maana wateja walikuwa walewale na studio zilezile.

Sasa hela. Hapa ndo watu wanapokosea zaidi. Wale malodi wa zamani, wenye ardhi, miaka ile walikuwa hoi. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya Marekani ilikuwa inaingia Uingereza kwa meli kwa bei ya kutupa, afu ikafuata nyama ya barafu kutoka New Zealand na Argentina, kodi za mashamba zikaporomoka, na mtu ambaye babu yake alikuwa anaishi vizuri kwa kukodisha mashamba akajikuta ana nyumba ya vyumba mia na paa linavuja. Mwaka 1882 ikapita sheria ya kuwaruhusu kuuza mali ambazo zamani zilikuwa zimefungwa kwenye ukoo hata mwenyewe hawezi kuzigusa, zikiwemo picha za ukutani, na mwaka 1894 serikali ikaongezea kodi mpya ya mirathi, mzee akifa tu mnapigiwa hesabu. Kwahiyo wakaanza kuuza. Picha za mabibi na mababu zao zilizochorwa na Reynolds na Gainsborough karne ya 18 zikawa zinatoka ukutani moja moja. Na bei zake zilikuwa za kutisha, mfano picha ya Duchess wa Devonshire ya Gainsborough iliuzwa Christie's, nyumba ya mnada ya London, mwaka 1876 kwa zaidi ya gini 10,000, na wiki chache baadae ikaibiwa, ikaja kupatikana Marekani mwaka 1901, yaani ile ni stori nyingine kabisa nikianza hapa hatumalizi.

Nani alikuwa ananunua? Watu wa benki, wenye viwanda vya bia, wenye meli, wenye reli za Marekani, na wale waliotajirika kwa dhahabu na almasi ya Afrika Kusini, kina Julius Wernher ambaye mwaka 1903 alinunua jumba la Luton Hoo na kulijaza vitu. Hawa jamaa wana hela ila hawana mababu wa ukutani. Mababu wa kununua wapo, unaenda Christie's unajichukulia, lakini kwenye ukuta ule ule ukiweka Gainsborough ya bibi wa mtu mwingine inabidi na wewe na mke wako muwepo, tena mchorwe kwa ukubwa ule ule na madaha yale yale, ili mgeni akiingia aone mstari mmoja usiokatika. Hapo ndo oda zilipozaliwa. Na hao malodi wenyewe nao hawakubaki nyuma, wengi walioa mabinti wa Kimarekani wenye hela, na hela ya baba mkwe ikalipia picha. Duke wa Marlborough alimuoa Consuelo Vanderbilt mwaka 1895, hela za reli za New York, na mwaka 1905 Sargent akawachorea picha kubwa ya familia iende sambamba na ile ambayo Reynolds aliwachorea mababu zao zaidi ya miaka mia moja nyuma, zote ziko Blenheim, jumba la ukoo huo. Ukisimama pale unaona kabisa kazi ambayo picha ilipewa: kuficha kwamba kuna kitu kilivunjika katikati.

Kuna mfano mwingine naupenda kwasababu unagusa bahari yetu ya Hindi. Lady Sassoon, aliyechorwa na Sargent mwaka 1907, mume wake alitoka kwenye ukoo wa Kiyahudi wa Baghdad uliohamia Bombay miaka ya 1830 na kutajirika huko kwa biashara ya pamba na kasumba. Vizazi viwili tu baadae wako London, ndani kabisa ya marafiki wa mfalme Edward. Kwenye picha kavaa joho jeusi la kwendea opera, na joho lenyewe bado lipo, lilioneshwa jumba la sanaa la Tate, London, mwaka 2024 pembeni ya picha, na ukilinganisha unaona Sargent alichofanya, alilikunja na kulivuta ili bitana la waridi litokeze mbele ambapo mtu akilivaa kawaida lisingeonekana hivyo. Yaani mchoraji ndo alikuwa fundi wa nguo, mpambaji na mwongozaji kwa pamoja. Mteja anakuja na sanduku la magauni ya Worth, mshonaji maarufu wa Paris, mchoraji anayapitia yote anasema hapana, hapana, hili.

Bei. Sargent kwenye kilele chake alikuwa anachukua gini 1,000 hivi kwa picha ya mtu mzima kuanzia kichwa mpaka viatu. Gini ni pauni moja na shilingi moja, sarafu yenyewe ilishaacha kutengenezwa tangu 1814 lakini madaktari, mawakili na wachoraji waliendelea kudai malipo kwa gini kwasababu pauni ni ya wauza duka (watu wana mambo jamani). Kwahiyo gini 1,000 ni pauni 1,050. Mtumishi wa kike wa ndani, yule anayefungua mlango mgeni akija kuiangalia hiyo picha, alikuwa anapata kama pauni 20 kwa mwaka pamoja na chakula na malazi. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka hamsini ya kufungua mlango. Wachoraji wa chini ya Sargent walichukua kidogo zaidi, na kijana anayeanza alichukua kidogo sana, ndo maana mteja mwenye akili alikuwa anatafuta kijana anayepanda.

Na atamjuaje kijana anayepanda? Kwa maonesho. Kila mwaka mwezi wa tano Royal Academy, chama kikuu cha wachoraji pale Burlington House, Piccadilly, kilikuwa kinafungua maonyesho yake ya kiangazi, na hiyo ilikuwa sehemu ya msimu wa starehe wa London sawa na mashindano ya farasi na dansi za usiku. Kabla ya hapo kuna jumapili ambayo wachoraji wanafungua studio zao, watu wanapita na magari ya farasi kuangalia nini kinapelekwa mwaka huu, chai ipo, umbea upo. Kwenye ukumbi kuta zilijaa picha mpaka juu dari, na vita yote ilikuwa picha yako ining'inizwe kwenye usawa wa macho, walikuwa wanauita mstari. Ukiwekwa mstarini umetoka. Ukiwekwa juu kule karibu na dari mkeo atakuambia ni nzuri. Kulikuwa na kumbi nyingine pia kwa wanaojiona wa kisasa, New Gallery ya Regent Street, na kuanzia 1898 chama cha kimataifa ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Whistler, mchoraji Mmarekani aliyeishi London, lakini oda nono zilianzia Burlington House.

Haya, Waskoti sasa. Sababu zipo kadhaa zimefungamana na sidhani kuna mtu anaweza kuzitenganisha vizuri. Scotland ilikuwa na mila yake ya picha za watu, Allan Ramsay na baadae Henry Raeburn wa Edinburgh aliyefariki 1823, huyu alikuwa anapiga brashi pana za mraba moja kwa moja bila kulamba lamba, na miaka ya Edward picha zake zilikuwa zinagombaniwa mnadani na Wamarekani, kwahiyo kijana wa Kiskoti alikua anajua kwamba uso wa mtu ni kazi ya heshima. Pili kulikuwa na kazi za mchango. Mkuu wa chuo akistaafu, meya wa mji akimaliza muda, mchungaji akitimiza miaka kadhaa kanisani, watu wanachangishana, orodha inapita, wanamwajiri mchoraji, picha inakabidhiwa na hotuba nyingi. Hizo picha kusema ukweli nyingi zinachosha, wazee wenye ndevu na majoho meusi kwenye giza la kahawia, ila ndo zilizolipa kodi za studio. Bingwa wake alikuwa Sir George Reid, mtu wa Aberdeen, aliyekuwa rais wa Royal Scottish Academy kuanzia 1891 mpaka 1902. Tatu, wengi walikuwa wanairuka London wanakwenda Paris kwanza. Kundi la Glasgow, kina James Guthrie, E. A. Walton, George Henry, na John Lavery ambaye ni mzaliwa wa Belfast lakini Glasgow ndo ilimtengeneza, walianza kwa kuchora wakulima na mashamba ya kabichi kwa staili ya Kifaransa, na kufika miaka ya 1890 karibu wote wameshageukia picha za wakubwa maana kabichi haina mke wa kutaka kuchorwa. Lavery alipata mlango mwaka 1888 Malkia Victoria alipotembelea maonyesho makubwa ya Glasgow, akapewa kazi ya kuchora tukio zima lenye sura za watu karibu 250, ikabidi wengi wao waje kukaa mbele yake mmoja mmoja awachore, na mtu ukishachora watu mia mbili wenye hela huna tena shida ya wateja. Na kundi hilo hilo ndo lililosukuma halmashauri ya Glasgow inunue picha ya Whistler ya mzee Thomas Carlyle mwaka 1891, kwa gini 1,000, wakati London bado wanajadili kama Whistler anajua kuchora.

Brough alizaliwa Invergordon, kaskazini kabisa, mwaka 1872, akakulia Aberdeen. Hakuzaliwa kwenye hela. Alianza kama mwanafunzi wa kazi kwenye litografia, uchapaji wa kutumia mawe, jioni anasoma shule ya sanaa ya Gray's. Cha kuchekesha ni kwamba George Reid naye alianzia kwenye litografia pale pale Aberdeen miaka thelathini hivi kabla yake. Litografia unachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe lililosuguliwa, na unachora kinyume ili kwenye karatasi itoke sawa, na kosa kwenye jiwe kulifuta ni shughuli. Wanaojua kazi ya piko na hina wataelewa haraka, mkono wa bibi harusi upo mbele yako na mstari ukishapita umepita, hivyo akili inamaliza kuchora kabla ya mkono kuanza. Naamini kabisa ile ulaini wa mkono wa Brough ambao wakosoaji walikuja kuusifia haukuanzia Paris, ulianzia kwenye mawe ya Aberdeen, ingawa vitabu vingi vinapita hapo mbio mbio ili vifike kwa Sargent.

Kutoka hapo akaenda shule ya Royal Scottish Academy Edinburgh, akabeba zawadi za wanafunzi, afu Paris kwenye Académie Julian. Julian ilikuwa shule ya binafsi, haina mtihani wa kuingia, unalipa ada unapata nafasi kwenye chumba kilichojaa moshi na Wamarekani, walimu wanapita mara moja moja kukosoa. Walimu wake walikuwa Jean-Paul Laurens na Benjamin-Constant, na alikuwa huko pamoja na S. J. Peploe ambaye baadae atakuwa mmoja wa wale Waskoti wa rangi kali, kundi linaloitwa Scottish Colourists. Wakati wa Paris alipita pia Brittany, magharibi mwa Ufaransa, kule ambako mchoraji Mfaransa Gauguin alikuwa ameshaacha athari, na picha zake za wanawake wa Brittany zina mistari iliyopinda na rangi bapa ambazo huzioni tena alipohamia kwa wenye hela. Kuanzia 1894 alikuwa amerudi Aberdeen anachora watu wa pale, na mwaka 1897 akapeleka Royal Academy picha inaitwa Fantaisie en Folie, mwanamke ameonekana ubavuni akikitazama kisanamu kidogo cha mashariki ya mbali, rangi zote zimetulizwa, kijivu na nyeupe, picha ambayo bado Tate wanayo. Ilizungumzwa sana. Mwaka huo huo akahamia London akapanga Rossetti Studios, Flood Street, Chelsea, na hapo kwa miguu ni dakika chache tu mpaka Tite Street alikokuwa anaishi Sargent. Wakawa marafiki, Sargent akampenda yule kijana na kumsaidia kupata wateja, na muda sio mrefu akawa anachora watu wa ngazi ya Viscountess Encombe. Ana miaka ishirini na kitu.

Tuje kwenye brashi maana hapa ndo kiini cha kila kitu. Mtu akiikaribia picha ya Sargent au ya Brough kwa hatua moja anaona fujo. Gauni la satini ni mapigo mapana matano sita, jingine jeupe, jingine la kijivu chenye ubluu, jingine karibu njano, hayakuchanganywa, hayakulainishwa, mkono wa glavu ni mapigo manne na kivuli. Ukirudi nyuma hatua tano, satini inang'aa kweli. Siri yenyewe inafundishika. Mwalimu wa Sargent wa Paris, Carolus-Duran, alikuwa anakataza wanafunzi wasichore mistari kwanza halafu wajaze rangi, alitaka waangalie sehemu ya mwanga ni nyeupe kiasi gani ukilinganisha na jirani yake na waiweke pale pale ikiwa bado mbichi juu ya mbichi, mfano wake ukiwa Velázquez, mchoraji wa Kihispania wa karne ya 17. Sargent alikuwa anaweka turubai pembeni ya mteja, anarudi nyuma kabisa chumba kizima, anaangalia, anatembea mbele, anapiga pigo moja, anarudi tena. Siku nzima anatembea. Na pigo likikosea hakuligusa gusa, alikuwa anakwangua kichwa kizima na kuanza upya, hata mara nyingi, mpaka kile kinachoonekana kimefanywa kwa dakika kumi kiwe kimemaliza wiki kadhaa za watu wawili. Brough yeye rangi yake ilikuwa nyepesi zaidi, inateleza, unaona brashi imepita ndefu kutoka begani mpaka sakafuni haijanyanyuliwa, na mimi binafsi naona kwenye kitambaa anamkaribia kabisa Sargent ila kwenye mikono na macho bado.

Kwanini mteja alipe bei hiyo kwa kitu kinachoonekana hakijamaliziwa? Wazazi wao walilipia picha laini zinazong'aa ambapo unaweza kuhesabu uzi wa leso. Na kamera ilikuwepo, tena nzuri, ile dansi kubwa ya mavazi ya kale ya Devonshire House mwaka 1897 wageni walipigwa picha na studio ya Lafayette wakiwa na mavazi yao yote. Kwahiyo usahihi ulishakuwa rahisi, kila mtu anaweza kuununua kwa shilingi chache. Kitu kilichokuwa adimu ni wepesi. Tabia ya juu kabisa ya watu wale ilikuwa kutoonesha jitihada, usitoke jasho, usizungumzie hela, farasi umpande utadhani umezaliwa naye, salamu itoke bila kufikiri. Mtu aliyetajirika juzi alikuwa anaweza kununua nyumba, farasi na mababu, huo wepesi hauuzwi dukani, unachukua vizazi. Mchoraji ndo alikuwa anauuza. Pigo moja la brashi linaloteleza bila kusita linampa mke wa mwenye kiwanda cha bia ule ulegevu wa mtu ambaye hajawahi kuwa na wasiwasi, na alilipia hasa huo, sura kufanana ilikuwa ni nyongeza. Na aliyekuwa anamtengenezea huo wepesi alikuwa kijana wa Invergordon aliyefundishwa kazi kwa kuinamia jiwe, hiyo naona ni sehemu tamu kuliko zote kwenye stori nzima na sielewi kwanini haisemwi zaidi.

Hapa ndo linakuja lile shtaka ambalo Brough analibeba mpaka leo, kwamba alikuwa Sargent mdogo tu, nakala. Kuna ukweli, siwezi kukataa. Ila angalia tarehe. Fantaisie en Folie ni ya 1897, na ukiiangalia anayezungumza humo ndani ni Whistler zaidi, utulivu, kijivu, kitu kimoja cha mbali kwenye nafasi tupu. Picha za Brittany zina Gauguin. Yaani kijana alikuwa na milango mitatu wazi, na alipofika Chelsea mmoja ndo uliokuwa na foleni ya wateja wenye gini mkononi. Mteja akiingia studio yako baada ya kuona picha ya Wyndham Sisters ya Sargent ya 1899, wale dada watatu weupe kwenye kochi, hakuombi umfanyie Brittany. Soko lilikuwa na staili moja ambayo lilitaka kununua na kila aliyepanga studio mtaa ule alivutwa huko, Lavery alivutwa, Guthrie kule Scotland alivutwa kidogo, Brough alivutwa zaidi kwasababu alikuwa mdogo kuliko wote na aliishi karibu kuliko wote. Kumlaumu yeye peke yake ni kutoelewa biashara ilivyokuwa inaenda. Swali la haki ni angefanya nini akifika miaka arobaini, ameshakuwa na jina na anaweza kumwambia mteja hapana.

Hakufika. Tarehe 19 Januari 1905, kwenye ukungu wa alfajiri karibu na Cudworth, Yorkshire, treni ya haraka kutoka Scotland kwenda London iliparamia kwa nyuma treni ya barua iliyokuwa mbele yake, na moto ukawaka. Brough alikuwa ndani. Aliungua vibaya, akapelekwa Sheffield, na akafa siku chache baadae, umri miaka 32, mwaka mmoja tu tangu Royal Scottish Academy wamfanye mwanachama mshiriki. Sargent alipopata habari aliacha kila kitu akaenda Sheffield na akamuwahi akiwa hai.

Mwaka 1907 ni mwaka wa kuuangalia vizuri. Mwaka huo maonyesho ya kumkumbuka Brough yalifanyika Burlington Fine Arts Club, London, na Sargent ndiye aliyeandika maneno ya utangulizi. Mwaka huo huo Sargent mwenyewe alitangaza amechoka, hachori tena wakubwa kwa rangi ya mafuta, akabaki kuwafanyia vichwa vya mkaa vya saa mbili tatu akienda zake kuchora milima na maji. Foleni ya wateja ikabaki mtaani haina mtu wa kuichora. Na mwaka huo huo tena Philip de László, Mhungari, akahamisha familia yake kuja London na kuichukua ile foleni karibu yote, akaendelea nayo miaka thelathini. De László ni fundi, sina ugomvi naye, lakini ukiweka picha zao pamoja unaona yeye anampendezesha kila mtu kwa namna moja, wakati Brough hata kwenye kazi za haraka alikuwa bado anatafuta. Angekuwa na miaka 35 mwaka ule, na studio iko Flood Street.

Heshima ya picha zenyewe ilianguka haraka. Mwaka 1910 mchoraji Walter Sickert aliandika makala ya kuikejeli ibada ya Sargent, na mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo mkosoaji Roger Fry akafungua Grafton Galleries, London, maonyesho ya wachoraji wapya wa Ufaransa, kina Cézanne, Gauguin na van Gogh, na vijana wote wenye akili wakahama. Vita ikaja, watoto wa wale mabibi wakafa Ufaransa, kodi ya mirathi ikapigwa mara mbili tatu kwenye nyumba moja, na safari hii zilizotoka ukutani ni za Sargent zenyewe. Picha ya Lady Agnew of Lochnaw ambayo mwaka 1893 ilimfanya Sargent awe Sargent pale London, ilinunuliwa na jumba la taifa la sanaa la Scotland mwaka 1925 mwenyewe bibi akiwa bado yuko hai, na ipo Edinburgh mpaka leo, kuiangalia ni bure. Za Brough nyingi zilibaki kwenye nyumba za watu, ndo maana jina lake likazama hivyo, mchoraji ambaye kazi zake ziko juu ya meko za familia hana wa kumtetea. Aberdeen walimfanyia maonyesho yake mwaka 1995, na ukipita Aberdeen Art Gallery leo utakuta baadhi, anza na zile za kabla hajahamia London.